Mahali Pasipouma

Herufi alikuwa mtu wa kupanda. Ukuta wa ghorofa tatu aliuona kama kizingiti tu: kopo la rangi kiunoni, brashi kaiuma kwa meno, huyo kafika juu, na huko juu anaandika majina ya maduka na viwanda kwa mkono ulionyooka kuliko rula. Watu walilisahau jina alilopewa na wazazi wake wakabaki na hilo la kazi. Lakini mwonyeshe sindano. Sindano yenyewe ya insulini, nyembamba kama unywele, fupi kuliko ukucha. Basi mwanamume anageuza uso ukutani, anafumba macho, anakamata godoro kwa mikono miwili utadhani kitanda kinataka kuondoka naye.

"Umemaliza?"

"Hata sijaanza."

"Anza basi umalize, mama. Mbona unaninyonga polepole?"

"Mtu anayetembea hewani anaogopa kitu cha namna hii!"

"Hewa hainichomi."

Mkewe aliitwa Mama Pasi, maana chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kufulia na kupigia pasi nguo za watu. Ndiye aliyemchoma mumewe kila asubuhi tangu madaktari waliposema vidonge vimeshindwa kazi. Nesi wa kliniki ya sukari alimfundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimwambia: leo huku, kesho kule, lizunguke tumbo, hamia pajani, hamia mkononi, usirudierudie pahali pamoja. Mama Pasi aliitikia, na siku za mwanzo alizunguka kama alivyoagizwa. Lakini kila pahali papya mzee aliruka, akanuna, akaenda kazini bila kuaga. Siku nyingine alijifungia chooni mpaka wapangaji wenzao wakagonga mlango kwa ngumi, kila mmoja na haja yake.

Ndipo asubuhi moja sindano ikaingia kushoto ya kitovu, na mzee hakutikisika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwongo."

"Haki ya Mungu. Geuka uone."

Akageuka, akaona bomba tupu, akacheka kama mtu aliyesamehewa kifungo. Tangu hapo Mama Pasi akapashika hapo hapo. Kesho hapo, keshokutwa hapo, mwaka ukapinduka ukaja mwingine. Pakafanya kinundu laini kama sifongo chini ya ngozi, na yeye akafurahi, akidhani mzee anaanza kurudisha mwili. Ikafikia Herufi anachomwa huku anapiga mluzi. Na mke gani ampendaye mumewe ataacha pahali pasipouma akatafute panapouma?

Balaa halikupiga hodi. Kliniki wakapima, sukari iko juu. Daktari akaongeza dozi. Wakarudi tena, iko juu zaidi. Akaongeza tena. Kila wakirudi ni wimbo uleule, na daktari, kijana mwenye foleni ya watu mpaka nje ya geti, akawa anaandika bila kuinua macho.

"Mzee, unakula nini kwa siri?"

"Sili kitu."

"Basi sukari inaanguka kutoka mbinguni."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mama Pasi naye akacheka kidogo, cheko la aibu, lakini neno lile likamwingia kama mwiba wa samaki: humezi, hutemi.

Mwenzake alikuwa anachakaa mbele ya macho yake. Mashavu yameingia ndani, nywele zimekuwa majivu, akiamka anashika ukuta kwanza. Kaka yake Herufi wa kuzaliwa, mkubwa kwake kwa matumbo mawili, alikuwa bado ana kifua cha mbele. Huyo alimaliza maisha yake ya kazi akichanja ng'ombe za watu, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Chanjo. Ndugu hao wakipita barabarani pamoja, watoto walimpa Herufi shikamoo kwanza, kisha ndio wamgeukie mkubwa.

"Mdogo wangu, acha mchezo huo," Chanjo alikuwa akisema. "Wananiona nimemsindikiza baba yangu hospitali."

"Marahaba, mwanangu," Herufi anamjibu, na wote wawili wanaangua kicheko. Lakini Mama Pasi alimwona mumewe, akirudi ndani, anakwenda kusimama mbele ya kioo cha kabati, anavuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, anaiachia, anaitazama isivyorudi.

Nesi alishawaambia siku moja, akihutubia benchi zima: sukari inayolala kwenye damu inamzeesha mtu kabla ya siku zake. Inaanza na vimishipa vidogo, vya macho, vya figo, vya miguu, na mwenye mwili hana habari. Mama Pasi aliyashika maneno yale. Na hofu ikikaa sana kifuani haibaki hofu, inageuka uaskari. Akaanza kupekua mifuko ya ovaroli kabla ya kuiloweka. Akawa anamnusa mdomo mzee akirudi jioni. Akamweka binti yao, aliyeolewa mtaa wa pili, awe anapita kwenye maduka ya njiani kuuliza kama baba kaonekana.

"Unanipeleleza?" Herufi akauliza.

"Nakuuguza."

"Mgonjwa haulizwi kwa muuza duka."

"Basi sema. Sema tu, mzee wangu, sitakukasirikia. Unakula nini?"

"Nakula unachonipikia. Nakunywa maji. Nimekula kiapo mara ngapi?"

"Damu haijui kuapa."

Hapo alinyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko kulikompa mkewe uhakika, maana akilini mwake mtu mwenye haki hupiga kelele.

Siku ya kisanga chenyewe Herufi alikuwa na kazi kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni, herufi kubwa kuliko mtu. Mama Pasi akaacha pasi ipoe, akajitanda, akaenda kujibanza nyuma ya lori lililoegeshwa ng'ambo. Jua likiwa la kati mafundi wakashuka kupumzika. Akamwona mumewe anachukua chupa ya soda yenye maji ya rangi ya chungwa, anaitikisa, anaifungua.

Hakungoja. Alivuka barabara mbio, kanga moja imebaki kwenye bampa la lori, akampokonya chupa.

"Na hii nini?"

Herufi akageuka. "Wewe umetokea wapi? Hiyo tineri."

"Tineri! Chupa ya soda, rangi ya soda, tineri!"

"Nimeoshea brashi ya rangi ya chungwa. Lete huku, mama, usi—"

Mama Pasi alishapiga funda. Moto ukamkamata ulimi mpaka masikioni, akatema, akakohoa, machozi yakamtoka. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye vumbi.

"Shemeji, umeweka sukari vijiko vingapi humo?"

"Mwongezeni na rangi ya kijani, aonje embe!"

Herufi peke yake hakucheka. Alitoa kitambaa chake kisafi, kile cha kufutia kioo, akamfuta mkewe kidevu polepole kama mtu anayefuta kosa kwenye ukuta mweupe.

"Sasa wote wanajua mimi ni mwizi wa chakula changu mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani."

Jioni alikuja kuchukua begi la nguo, chupa ya insulini na karatasi ya kliniki, akahamia kwa Chanjo. Mama Pasi alimfuata mpaka mlangoni.

"Nani atakuchoma huko?"

"Kaka amechoma ng'ombe elfu. Hawakuwahi kumshtaki kwa lolote."

Usiku ule kitanda kilikuwa kipana kupita kiasi. Mama Pasi alijiambia: atarudi, na akirudi sukari itakuwa imepanda kwa mapochopocho ya huko, nami nitakuwa na la kusema. Mtu akiwa na hasira huomba hata mabaya ili mradi yamthibitishe.

Asubuhi alikuwa anapiga pasi mashati ya karani mmoja wa benki, akasikia mtu anakimbia uani. Alikuwa fundi yule yule aliyekaa chini akicheka jana, sasa hana hata tone la damu usoni.

"Shemeji, njoo. Mzee kazimika juu ya jukwaa."

Njiani alimweleza kwa vipande. Alipanda vizuri, akaanza kazi. Mara wakaona mstari unayumba. Wakampigia kelele za utani: bingwa, leo umeandika na mguu? Hakujibu. Walipoangalia tena jasho linamchuruzika kama kamwagiwa ndoo, mikono inatetemeka, anaongea na ukuta maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha akalala kifudifudi kwenye ubao, mkono mmoja unaning'inia nje. Walimshusha kwa kamba kama gunia la saruji.

Hospitali walimkuta amelazwa, dripu ya glukosi inashuka mkononi, macho hajafumbua. Chanjo alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, kofia mkononi.

"Sikuzidisha, shemeji," akasema kabla hajaulizwa. "Nimesoma karatasi mara mbili. Dozi ile ile. Nimemchoma pajani, hapa, kama nilivyozoea kwa wanyama, ndani kabisa. Kapiga ukelele, nikamcheka. Kanywa uji, kaondoka. Nimemuua mdogo wangu, nami nilikuwa namcheka."

Roho ya Mama Pasi ilikuwa na neno moja la haraka, neno chafu: ng'ombe. Amemchoma mume wangu kama ng'ombe. Lilikuwa neno tamu, ukweli usemwe, maana lilikuwa na mkosaji ndani yake, na mkosaji hakuwa yeye.

Nesi wa kliniki ya sukari aliitwa. Yule yule. Alisoma karatasi, akakunja uso, akamfunua mgonjwa shati, akaanza kumpapasa tumbo kwa vidole bapa. Kushoto ya kitovu akasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Nani anamchoma siku zote?"

"Mimi."

"Unamchoma wapi?"

Mama Pasi akaonyesha. Hakuhitaji kutafuta, mkono ulikwenda wenyewe.

"Hapa tu?"

"Hapo haumii."

Nesi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimshika Mama Pasi vidole akaviweka juu ya kinundu, kisha akavihamishia upande wa pili wa tumbo. "Sikia tofauti. Huku ni nyama ya kawaida. Kule ni mafuta yaliyojijenga. Insulini, mama, kazi zake nyingi, na mojawapo ni kuyaambia mafuta yakue, yaweke akiba. Ukiimwaga pahali pamoja kila siku, mafuta ya hapo yanatii. Yanakua, yanakuwa magumu ndani, hisia zinakufa. Ndiyo maana haumii. Na dawa ukiitia humo inakwama. Leo inavuja kidogo, kesho haivuji."

"Kwa hiyo..." Mama Pasi akakitazama kinundu. "Kwa hiyo alikuwa hali kitu kwa siri?"

"Sijui anachokula. Lakini angekula mboga za majani peke yake, sukari ingepanda vile vile. Dawa haikuwa inafika." Nesi akaitazama karatasi. "Nasi tukawa tunaongeza. Tulipaswa kumvua shati, mama. Kila safari tulisoma namba, hatukumgusa tumbo. Hilo ni letu."

"Na leo?"

"Leo dozi ile kubwa, iliyopandishwa kwa ajili ya nyama isiyosikia, imeingia kwenye nyama inayosikia. Tena pajani, ndani ya msuli, halafu mtu akapanda ngazi na paja hilo hilo. Damu ikaichukua dawa mbio. Insulini haisemi na kiungo kimoja. Inaiambia misuli, fungueni, sukari iingie. Na misuli yenye kazi haina haja ya kubembelezwa. Ini nalo ndilo ghala. Mtu sukari ikimpungukia, ini hutoa akiba likamwokoa. Lakini insulini inaliambia ini, funga ghala, usitoe kitu. Leo wote wamesikia kwa mpigo mmoja. Misuli inakunywa, ghala limefungwa. Ubongo ukabaki na njaa."

Mama Pasi aliuliza swali aliloliogopa. "Na muda wote ule sukari ilipokuwa juu? Huku kuzeeka kwake?"

Nesi hakukimbilia kumfariji. "Macho yatapimwa. Na miguu, na figo. Mwili uliokwisha kuzeeshwa haurudishwi ujanani. Tukibahatika unaacha kukimbia, unaanza kutembea kama wa wenzake."

Akaondoka, kuna mwingine anamwita. Akabaki Mama Pasi na mgonjwa aliyelala, na mlango uliokuwa wazi kuelekea korido alikokaa Chanjo.

Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye. Chanjo alikuwa ameshajihukumu mwenyewe. Ilikuwa kazi ndogo tu kumwacha huko. Herufi angezinduka, angeambiwa kaka kakuchoma vibaya, angerudi nyumbani, na maneno ya vyakula vya siri na soda yangekufa yenyewe pasipo mtu kuyazika. Mama Pasi alilitazama wazo hilo kwa muda, kama mtu anavyotazama shati la mwingine lililomkaa vizuri.

Kisha akatoka.

"Shemeji, inuka hapo chini. Si wewe. Ni mimi."

Akamweleza. Chanjo alisikiliza akiisokota kofia, na alipokwisha kusikia hakusema afadhali, wala hakusema pole. Alisema, "Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

"Nami nilimwambia jana, kabla ya kulala, 'kama unakula, niambie mimi, mwanamke hatajua.' Akanigeuzia mgongo."

Herufi alizinduka jua limeshageuka. Kwanza aliuliza ukuta umeachwaje. Halafu akaomba maji. Mama Pasi alimnywesha, akamwambia yote pale pale, hakupaka asali popote, kinundu, mafuta, dozi, kila kitu, na sauti haikumtetemeka mpaka alipofika kwenye maneno "kwa mkono wangu."

Mumewe alivuta shati likafunika kinundu.

"Unajua nilifika wapi?" akasema. "Nilianza kujishuku. Nikasema labda naamka usiku nakula nikiwa usingizini. Nilikuwa nafunga kabati la jikoni na ufunguo nautia kwenye soksi. Mimi, mtu mzima."

"Nisamehe."

"Ulitaka nisiumie. Hilo nalijua, silibishi." Akageuza kichwa juu ya mto wa kulalia. "Lakini uliionja chupa yangu mbele ya watu. Hapa ndani ya chumba umenisafisha mbele ya nani? Mbele ya dripu?"

"Unataka nifanye nini?"

"Uliposemea, ndipo pa kusemea."

Siku alizokaa wodini alichomwa na manesi. Mkewe akiinua bomba, alivuta shuka. Dozi ilipunguzwa sana, sindano ikawa inazunguka kama ilivyofundishwa tangu mwanzo, na kila asubuhi Mama Pasi aliusikia ukelele wake akiwa nje ya pazia, mikono imekaa bure.

Basi akaenda kiwanda cha sabuni. Alichagua saa ile ile ya jua la kati. Mafundi walikuwa chini wanapumzika, na wa kwanza kumwona akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Alikitaka, hasa. Alikuwa amepanga hata jibu la tineri.

"Nimekuja kusema neno," akaanza. "Siku ile nilisema mume wangu anakula sukari kwa siri. Sikusema kwa mdomo, lakini nyote mlielewa. Hakuwa anakula. Hajawahi. Dawa nilikuwa namchoma pahali pabaya, miaka, ndiyo maana sukari haikushuka. Na siku aliyozimika, mkono ulikuwa wa kaka yake lakini chanzo ni mimi. Herufi si mwongo. Basi, ndiyo hayo."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alijishughulisha na uzi wa kiatu. Yule aliyekuja kumwita siku ile akatazama juu, kwenye jukwaa, ambako fundi mwingine alishaanza kupanda. Nyapara akaja, akavua kofia, akazungumza kwa upole, upole ule wa watu wanaofunga jeneza.

"Tumesikia, shemeji. Mwambie mzee apumzike. Asiwe na wasiwasi wa ngazi, tumeshampa mtu."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Herufi alikuwa ameruhusiwa asubuhi hiyo, Chanjo kamleta, kakaa kwenye kiti karibu na meza ya pasi, miwani mipya ya hospitali puani, anajaribu kusoma maandishi ya kwenye boksi la sabuni ya unga na kulisogeza mbele na nyuma.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Vyote?"

"Vyote. Na kwamba wewe si mwongo."

Akaliweka boksi chini. "Wakacheka?"

Mama Pasi alitamani kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, lingempa nafuu hata ya usiku mmoja. "Hawakucheka. Nyapara amesema upumzike. Ngazi wamempa mtu mwingine."

Herufi aliitikia kwa kichwa, mara moja, tena, kama mtu anayehesabiwa chenji. Nje gari la maji lilipita likipiga honi. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Bora wangecheka," akasema.